Bibi mwenye macho mekundu si mchawi, anza kuusemesha mtaa wako hivi
Kama uko Shinyanga, Geita au Simiyu unajua, bibi akizeeka macho yakawa mekundu basi keshaitwa mchawi, kumbe ni moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe anavyopikia miaka yote. Anzia hapo. Usisubiri semina, ongea kwenye vikoba, kanisani, msikitini, hata kijiwe cha bodaboda maana vijana ndo wanaotumwa na mapanga kuwaua hao bibi. Ukisikia mganga kapiga ramli chonganishi, yaani kamtaja mtu kuwa mchawi, nenda kwa mtendaji au dawati la jinsia polisi siku hiyohiyo, usingoje kesho jamani. Angalia pia nani anataka shamba la bibi anayetajwa, hasa kama ni mjane, mara nyingi chanzo ndo hicho. Na Juni 15, siku ya kupinga ukatili kwa wazee, mpeni bibi mwenyewe maiki.