Kupe, chawa au upele? Mpapase ng'ombe kwanza, dawa baadae

Yakhe, masika yakiingia tu huku Wete, Pemba, utamkuta ng'ombe kafungwa chini ya mkarafuu anajikuna kwenye gogo mpaka manyoya yanabaki pale, na mwenyewe keshakimbilia dukani kununua sindano. Ya nini? Hajui, jirani kamwambia inaua kila kitu.

Na mimi nilikuwa hivohivo. Ndama wangu alitoka viduara vya kijivu pembeni mwa macho, vikavu kama uji uliogandia sufuriani, nkampiga ivamektini mara mbili, pesa ikenda na viduara viko palepale, kumbe ile choa, na choa ni fangasi, sindano ya wadudu haiijui. Ilitaka kusuguliwa magamba yatoke na kupakwa ayodini, tena uvae glavu maana inaambukiza na mtu.

Kwa hivo anza na mkono. Mkunjue sikio utazame ndani, kupe mdogo wa kahawia anapenda pale na huyo ndie anaeleta ndigana kali, ile homa ya kupe inayoua ng'ombe. Halafu nyanyua mkia, tia mkono mapajani na kwenye kiwele, hapo utamkuta yule mkubwa mwenye mgongo wa marangirangi, huyo usimng'oe kwa pupa, mdomo unabakia ndani na kidonda kinatunga usaha. Ukimaliza papasa chini ya sikio na mbele ya bega. Ukikuta tezi imevimba na mwili unachoma, wacha mambo ya bomba la kunyunyizia dawa, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kupe keshafanya kazi yake na kumuua sasa hakumponeshi ng'ombe.

Kama ni kupe tu bila homa, dawa ya kupe ya amitrazi ya asilimia 12.5 unatia mililita 2 kwa lita moja ya maji, yaani bomba la lita 15 linataka mililita 30 (soma na chupa yako, zinatafautiana). Watu wanakosea hapa: wanapiga mgongoni tu kwa sababu ndo rahisi, na kupe hayuko mgongoni! Masikio, chini ya mkia, kwapani, katikati ya kwato, mpaka maji yachuruzike tumboni. Mnyweshe kwanza asije akajiramba kwa kiu, piga asubuhi siku isiyo na mvua, na msimu wa mvua rudia kila wiki. Ila punda wa gari usimpige dawa hiyo, inamfunga tumbo na anaweza kufa. Mafuta machafu ya gari na mafuta ya taa pia wacheni jamani, yanababua ngozi.

Chawa utawaona ukipasua manyoya ya shingo, mayai yameng'ang'ania kwenye nywele. Bomba hilohilo, rudia baada ya wiki mbili maana mayai hayafi.

Upele ndo pahala pa ivamektini. Ngozi inakuwa nene, ina magamba, mbuzi anaanzia usoni na masikioni. Ile ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kilo 50, chini ya ngozi karibu na bega, si kwenye nyama, na baada ya siku 14 unarudia. Ng'ombe unaemkama usimpige, dawa inatokea kwenye maziwa. Na mbuzi wenziwe waliojikuna mti mmoja watibu wote siku moja, hata wale unaowaona wazima.