Benki Ikimeza Benefiti Yako Kulipia Ovadrafti: La Kufanya

Kadi yangu ilikataa dukani Barking, mashariki mwa London, saa mbili asubuhi, nikitaka kutia umeme wa pauni kumi kwenye ule ufunguo wa plastiki wa mita. Muuzaji akaijaribu mara mbili, akanirudishia kadi na ufunguo bila neno. Nikajiambia mashine yao mbovu, maana ilikuwa tarehe 14, siku yangu ya Universal Credit, ile benefiti ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na pesa zile huingia usiku wa manane. Nikatoka nje, nikafungua akaunti kwenye simu. Pesa zimeingia kweli, £842.16. Na chini yake salio: -£68.84.

Nililala nikidaiwa £911, nikaamka nimelipa karibu deni lote, na nyumbani hakuna umeme wala unga.

Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaoishi Uingereza, kwa sababu nimeshawasindikiza watu kadhaa benki kwa jambo hilihili, na wote, kama mimi, walikuja baada ya pesa kumezwa. Ukiwahi kabla, kazi ni barua moja. Ukichelewa, unabembeleza.

Kwanza ujue benki imefanya nini hasa, kwani mambo ni mawili na watu huyachanganya. Mimi nilikuwa na ovadrafti ya £1,000, yaani ruhusa ya kutumia pesa ya benki mpaka kikomo hicho akaunti ikiwa tupu, niliyopewa zamani nilipokuwa nikifanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mgongo ukanishika, kazi ikasimama, mshahara ukaacha kuingia. Benki ikaandika barua kwamba kikomo changu kinaondolewa. Barua hiyo ilikuwa kwenye droo ya jikoni, haijafunguliwa. Hilo ni langu, simsingizii mtu. Kikomo kikiwapo, benefiti ikiingia salio linapanda tu, na wewe unaweza kutoa tena mpaka ufike kikomo. Kikiondolewa, au ukiwa umekipita, pesa inayoingia inajaza shimo na huwezi kuigusa. Hakuna aliyebonyeza kitufe cha kukunyang'anya. Akaunti yenyewe ndiyo shimo.

La pili ni pale deni liko akaunti moja, na benki inachota kwenye akaunti yako nyingine iliyo kwao ili kulilipa. Kwa Kiingereza wanaita "right of set-off", na maneno hayo uyakumbuke utakapopiga simu. Hapa zipo kanuni za FCA, mamlaka inayosimamia mabenki: benki iangalie hali ya mteja mmoja mmoja, ikuachie kiasi cha kula, kodi ya nyumba na madeni ya lazima, na isiguse pesa inayojua kuwa serikali, kaunsili (serikali ya mtaa) au NHS (huduma ya afya ya taifa) imetoa kwa shughuli maalumu. Wakikuchotea akaunti ya akiba na kukuacha mtupu, una hoja nzito.

Kama pesa imeshamezwa leo, piga simu leo. Usiende kwa huduma ya kawaida inayokueleza saa za kufungua tawi. Omba kitengo cha wateja wenye matatizo ya kifedha. Kila benki inacho. Sema mambo manne kwa utulivu: iliyoingia ni benefiti, ndiyo pesa yangu pekee, sina umeme wala chakula, naomba mnirudishie kiasi hiki. Taja kiasi. Mimi mara ya kwanza nilisema "nisaidieni", nikapewa pole. Mara ya pili nilikuwa na karatasi mbele yangu: kodi ya nyumba £476, kodi ya kaunsili £25, umeme na gesi £90, chakula £200. Yule kijana wa simu akaanza kuandika. Watakuuliza mapato na matumizi mpaka uchoke, hata nguo na kukata nywele. Jibu kweli, na usijipunje kwenye chakula ili uonekane mwema. Ukisema unakula kwa pauni kumi kwa wiki, wataamini, na mpango wa malipo utatengenezwa juu ya uongo huo.

Nilirudishiwa £650. Si zote, lakini kodi ya nyumba ilitoka. Deni likarudi kuwa £718.84, wakasimamisha riba, tukakubaliana nilipe £10 kwa mwezi. Riba msiichukulie mchezo: tangu sheria zilipobadilika Aprili 2020, ada za siku kwa siku zilifutwa, lakini benki nyingi kubwa zikapandisha riba ya ovadrafti mpaka karibu asilimia 40 kwa mwaka. Kwa hiyo kusimamishiwa riba ni jambo la kuomba kwa kulitaja, usingoje wakutunukie.

Wakikataa, sema: nataka kuweka malalamiko rasmi. Neno "malalamiko" lina uzito kwao kuliko machozi, kwa sababu likishaandikwa, saa inaanza kuhesabu. Kwa kawaida wana wiki 8 kukupa jibu la mwisho. Usiporidhika, au wiki hizo zikipita kimya, unapeleka kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa migogoro ya wateja na mabenki, bure, bila wakili. Jibu la mwisho likishakufikia, una miezi 6 tu. Andika jina la uliyezungumza naye, tarehe na saa. Mimi nilikuwa naandika nyuma ya kalenda.

Kuna mtu atakwambia, kama nilivyoambiwa mimi kwa sauti kubwa msikitini, kwamba sheria ya 1992 ya usimamizi wa hifadhi ya jamii, kifungu cha 187, inakataza benefiti kuwekwa rehani au kukabidhiwa mdai. Ni kweli kifungu kipo. Lakini benki hujibu kwamba pesa ikishaingia akaunti ni pesa kama nyingine. Kitaje kwenye malalamiko ukipenda, ila usikiegemee peke yake.

Sasa ile barua ya kabla, ambayo natamani ningeijua mapema. Sheria ya zamani ya Uingereza inampa anayelipa haki ya kusema pesa yake iende wapi kabla ya anayepokea kujiamulia. Mabenki na washauri wa madeni wanaiita "first right of appropriation", na kwenye barua yako uyaandike maneno hayo kwa Kiingereza kama yalivyo, ndiyo watakayoyatambua. Maana yake: unaiamuru benki kwamba pesa fulani, itakayoingia siku fulani, itumike kwa malipo haya na haya, si kwa ovadrafti.

Yangu aliniandikia mpwa wangu kwa Kiingereza, nami hapa naieleza kwa Kiswahili ili ujue kila mstari unafanya kazi gani. Juu: jina, anwani, namba ya akaunti na ile namba ya tawi ya tarakimu sita. Kisha:

"Natumia haki yangu ya kwanza ya kuelekeza malipo juu ya £842.16 ya Universal Credit itakayoingia kwenye akaunti hii tarehe 14. Pesa hiyo itumike hivi: kodi ya nyumba £476.00, itakayokatwa tarehe 15; kodi ya kaunsili £25.00, tarehe 16. Umeme na gesi £90.00, chakula £200.00, nauli na simu £51.16, ambazo nitazitoa mwenyewe kwa kadi. Sehemu yoyote ya pesa hii isitumike kupunguza ovadrafti, riba wala ada."

Jumlisha. Ijumlishe tena. Ukitaja £800 na kuacha £42.16 bila kazi, hizo umewaachia. Na usiandike "matumizi ya nyumbani" ukadhani inatosha. Taja kiasi na shughuli yake.

Barua moja ni ya malipo mamoja. Mwezi ujao unaandika nyingine, na benefiti ikija kila wiki nne basi kila wiki nne. Na lazima iwafikie kabla pesa haijaingia. Mimi niliipeleka tawini siku tano kabla, nikaomba wagonge muhuri kwenye nakala yangu. Yule dada wa dirishani akasema hajawahi kuona barua ya namna hiyo. Nikamwambia si lazima aijue, anigongee tu muhuri wa kuipokea. Akaenda ndani, akarudi na meneja, meneja akaisoma amesimama, akagonga. Kama tawi la kwenu limefungwa, na mengi yamefungwa, tuma kwa posta ya kusainiwa na uipigie picha kabla ya kuifunga.

Angalizo: ovadrafti ni mkopo ambao benki inaweza kuudai wote wakati wowote. Barua hii inaokoa pesa ya mwezi huu, haiondoi deni, na inaweza kuwafanya waanze mazungumzo ya kulifunga. Ndiyo maana hii ni hatua ya kuvukia mto wakati unafungua akaunti nyingine.

Akaunti hiyo nyingine ndiyo dawa yenyewe. Omba akaunti ya msingi, isiyo na ovadrafti wala ada ya mwezi. Kwa kanuni za 2015 benki kubwa zinatakiwa kuitoa, na hawakukatalii kwa sababu ya rekodi mbaya ya mikopo. Wakiuliza kama una akaunti kwingine, waambie wazi: ninayo, iko kwenye deni, siwezi kuitumia. Kuna mtego mmoja hapa. Benki mbili zenye majina tofauti na rangi tofauti zinaweza kuwa kampuni moja, na haki ya kuchota inafuata kampuni, si rangi ya kadi. Shoga yangu mmoja alihamia benki ya mtaa wa pili akiamini amekimbia, kumbe amehama chumba nyumba ileile. Tazama maandishi madogo chini ya tovuti yao, jina la kampuni limeandikwa hapo.

Mtego wa pili: usikubali ile huduma ya kuhamisha akaunti kwa siku 7 za kazi. Inafunga akaunti ya zamani na kuhamisha kila kitu, na benki mpya itataka kujua habari za ovadrafti. Wewe fungua akaunti ya pili kimyakimya, kisha hamisha malipo moja moja kwa mkono wako.

Universal Credit unabadilisha mwenyewe ndani ya akaunti yako ya mtandaoni, pale pa kuripoti mabadiliko. Fanya mapema, ukingoja siku mbili kabla, malipo ya mwezi huo yameshapangwa kwenda kulekule. Malipo yenyewe huja siku 7 baada ya kipindi cha tathmini kwisha, na siku ya malipo ikiangukia wikendi au sikukuu, huja siku ya kazi iliyotangulia, kwa hiyo hesabu vizuri. Na kumbuka kuibadilisha Universal Credit hakubadilishi nyingine. Child Benefit, ile ya watoto, iko HMRC, mamlaka ya kodi, huko ni kuwaambia peke yao. PIP, ile ya wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, nayo ni simu yake. Mama mmoja alibadilisha mbili akasahau ya watoto, ikaingia shimoni miezi miwili.

Hamisha na makato pia: kodi ya nyumba, umeme, simu. Wapigie mmoja mmoja uwape namba mpya, la sivyo watajaribu kukata kwenye akaunti ya zamani, itakataa, na wewe utaonekana hujalipa.

Madeni yakiwa mengi kuliko ovadrafti moja, nenda kwa washauri wa bure: Citizens Advice, StepChange au National Debtline. Usimlipe mtu yeyote kwa kazi hiyo. Kwa England na Wales wanaweza kukuombea Breathing Space, siku 60 ambazo wadai hawaruhusiwi kukufuata wala kukuongezea riba na ada kwenye madeni yaliyomo. Ilianza Mei 2021. Huiombi mwenyewe, lazima ipitie kwa mshauri. Scotland wana utaratibu wao. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani tangu mwanzo wa simu, usimtume mtoto wa darasa la sita akutafsirie madeni yako.

Akaunti ya zamani usiitupe. Weka agizo la kudumu kutoka akaunti mpya, hata pauni tano, iende kule kila mwezi siku moja baada ya malipo yako. Wakiamua kulitangaza deni kuwa limeshindikana, alama hiyo hukaa kwenye rekodi yako miaka 6. Kwa £10 kwa mwezi, deni langu nalo lilikuwa la miaka sita kasoro kidogo. Nilipopata tena kazi ya saa chache nikapandisha ikawa £25, na barua zao sasa nazifungua palepale mlangoni, nimesimama, kabla sijavua koti.