Somo: Kuchagua boti ya skii iliyotumika, yenye injini ya ndani, kwa sisi wa maji ya chumvi

Maleleji yakikaribia na ghuba ya Mikindani kuwa shwari asubuhi, watu huanza kutumiana picha za boti za kuvuta mtu anayeteleza juu ya maji kwa skii, zinazouzwa Dar, Mombasa hata Afrika Kusini. Picha huonyesha rangi na viti. Mimi nitaanza na maji.

Hatua ya kwanza: uliza boti imekunywa maji gani. Boti nyingi za aina hii, kina MasterCraft, Malibu na Ski Nautique, zimetengenezwa Marekani kwa ajili ya maziwa. Injini ni V8 ya petroli, mara nyingi ya lita 5.7. Nyingi hupozwa kwa maji ya nje moja kwa moja, yaani mfumo wa wazi: pampu inayavuta chini ya boti, yanapita ndani ya injini, kisha yanatokea kwenye ekzosi. Ziwani haina shida. Baharini chumvi inabaki ndani ya chuma, na kutu inakula manifoldi ya ekzosi (bomba la chuma linalokusanya moshi wa silinda) kutokea ndani, mahali usipopaona. Siku ikitoboka, maji yanaingia kwenye silinda na injini imekwisha.

Aina ya pili ni mfumo wa kufungwa. Kulanti, yaani maji ya dawa ya kupozea, inazunguka ndani ya injini kama kwenye gari, na maji ya bahari yanaishia kwenye kipozeo na ekzosi tu. Vifaa vya kubadilisha mfumo vinauzwa, lakini ukivifunga kwenye injini iliyokwishaoza, magamba ya kutu yataziba kipozeo kipya.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Bora ni boti ya maji baridi, yaani ya ziwani, yenye mfumo wa kufungwa. Ikikosekana, chukua ya maji baridi yenye mfumo wa wazi, ukiwa na pesa ya kuubadilisha. Tatu ni ya baharini yenye mfumo wa kufungwa, na hapo manifoldi zifunguliwe mbele yako. Ya baharini yenye mfumo wa wazi iache, labda muuzaji akubali bei ya bodi na trela pekee.

Ukienda kuikagua, mwambie asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini: ikiwa ya moto, jiulize alikuwa anaficha nini. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nane. Tofauti ikizidi kama asilimia 10, jua kuna kazi. Halafu ishusheni majini na kuikimbiza ikiwa na watu. Kuunguruma juu ya trela hakuthibitishi kitu.

Hatua ya pili: bodi. Boti nyingi za miaka ya 1980 zina mbao ndefu chini ya sakafu, zimefunikwa faiba. Zikioza, injini haina pa kushikilia. Gonga kwa mpini wa nyundo: sauti kavu ni nzuri, sauti nzito iliyokufa ni mbaya. Weka spana kwenye bolti za miguu ya injini. Zikizunguka bila kukaza, aga uondoke.

Hatua ya tatu: skii au wekibodi (ubao mmoja wa kusimamia ukivutwa)? Mwenye skii anataka wimbi dogo la nyuma na mwendo mkubwa. Mashindano ya slalom (skii ya kupinda kati ya maboya) ya wanaume huvutwa kwa kilomita 58 kwa saa. Wekibodi inataka wimbi kubwa, na mwendo wa 30 hadi 38 unatosha. Injini ikiwa katikati ya boti, wimbi ni dogo. Ikiwa tezini, shafti inageuzwa kupitia giaboksi na wimbi linakua. Mwenye pesa kidogo achukue ya katikati, kisha aongeze mifuko ya maji ya kutia uzito siku za wekibodi. Injini yake fundi ataizunguka pande zote bila kujikunja kama chatu. Na tafadhali, mnara wa kufungia kamba ya kumvuta mchezaji usimpe mchomelea mageti autengeneze.

Chini ya boti: zungusha shafti kwa mkono, isiyumbe. Pale inapopenya bodi, matone machache yanaruhusiwa, mchirizi hapana. Propela iko chini kabisa, na boti inahitaji maji ya kama sentimita 60, hivyo siku za bamvua chunga saa ya kupwa.

Karatasi: stakabadhi za ushuru za TRA, usajili wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini), na namba ya injini ilingane na iliyoandikwa.

MASWALI

Mwanachama, Lindi: Mkuu, kwa nini nisinunue boti ya faiba na mashine ya kupachika nyuma tu?

Jibu: Kama ni familia na wanaojifunza, nunua hiyo, mafundi wake wako kila diko. Ila propela yake iko nyuma kabisa, karibu na anayepanda. Izime kila mtu anapokaribia.

Mwanachama, Shangani: Nimeona ya 1996 ambayo injini yake imefanya kazi saa 300 tu. Si dili hiyo?

Jibu: Dada, hiyo imelala sana. Mipira imekauka, impela (pangaboi la mpira la pampu ya maji) imekakamaa. Ya saa 900 yenye daftari la matengenezo ningeiangalia kwanza.

Mwanachama, Mikindani: Stata imekufa. Naweza kufunga ya gari?

Jibu: Hapana kabisa! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Stata na altaneta za boti zimezibwa zisitoe cheche nje, za gari hazikuzibwa hivyo. Washa feni ya kutoa mvuke kwenye chumba cha injini dakika nne kabla ya kupiga stata, na ukinusa petroli usiwashe chochote.

Mwanachama, Mtwara mjini: Msimbati panafaa?

Jibu: Pale ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo waone wahifadhi kwanza. Mikindani ongea na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wakuonyeshe zilipo nyavu na mashamba ya mwani. Lindi kaa mbali na njia ya kivuko cha Kitunda. Popote uendapo, awepo mtu wa pili anayetazama nyuma muda wote. Nahodha macho yake ni ya mbele.