Mjamzito akinyamaza: namna ya kumuuliza na kumsaidia

Kwetu Pemba mwanamke akishajifungua huitwa mzazi, na mzazi ana haki zake. Siku arubaini hashiki jembe wala ndoo. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, na watu hawakatiki mlangoni. Miezi tisa ya kabla ya hapo mtu huyohuyo anachota maji, anashuka pwani kwenye mwani maji yakiwa bamvu, anachambua karafuu mpaka usiku, na akisema amechoka huambiwa mimba si maradhi. Mimi ni mkunga, nafanya kazi kaskazini mwa kisiwa, na ninachokitaka ni ulezi ule wa arubaini uanze mimba ikiwa bado changa. Nawaandikia mama wakwe, mawifi, makungwi na waume, maana nyinyi mnalala naye nyumba moja. Mimi namuona siku ya kliniki tu.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 16 katika kila 100 hupata maradhi ya akili wakati wa ujauzito, na yanayoongoza ni sonona, yaani huzuni na kukata tamaa kusikomwachia mtu. Baada ya kujifungua hufika karibu 20. Kwa hiyo benchi la kliniki likijaa, jua wamo.

Tazama kwanza alichobeba

Usingoje machozi. Wengi hawalii kabisa. Yanayomfikisha mjamzito kwenye sonona huonekana mapema ukijua kuyatafuta: aliwahi kuugua huzuni kabla ya mimba hii, au nyumbani kwao kuna mwenye historia hiyo, mimba hakuipangia, aliwahi kuharibikiwa na mimba au kuzaa mtoto maiti, pesa hakuna, mume anampiga au anamtukana, hana mtu wa kumwambia yake. Hili la mwisho ndilo ninalolikuta zaidi, na ndilo tunaloweza kuliondoa wenyewe.

Mambo haya si ya Pemba peke yake. Ufilipino, kulikotoka mbegu ya mwani tuliyoanza kuipanda kwa biashara Zanzibar mwaka 1989, wanaume wengi sana hufanya kazi melini na nchi za Ghuba, na wake zao hubeba mimba wakiongea na mume kwa simu. Sisi tuna dago, kambi za wavuvi za mbali na nyumbani, tuna Oman, tuna mahoteli ya Unguja. Sheria ya Ufilipino haina talaka isipokuwa kwa Waislamu, kwa hiyo mke anayeteswa huona hana mlango wa kutokea. Huku kwetu anaogopa kinyume chake, kwamba neno moja la mume litamrudisha kwao na tumbo lake. Khofu mbili tofauti, na zote zinamlemea mtu kwa namna moja.

Kuna na lile la kuficha mimba changa kwa kuogopa hasadi. Dasturi hii naielewa wala siwaambii muiache. Lakini miezi hiyo ndiyo ya kutapika na kukosa usingizi, na mwanamke anaipita akijifanya mzima mbele ya kila mtu. Basi awe na mtu mmoja anayejua. Dada, kungwi wake, shoga anayemuamini. Mmoja anatosha kwa kuanzia.

Namna ya kumuuliza

Mtoe penye watu. Msimu mmoja wa karafuu tulikaa kwa jirani kuchambua, na palikuwa na msichana ana mimba ya kwanza kupita miezi mitano, tangu ile iliyotangulia kuharibika. Namjua kwa mikono miepesi: makonyo huku, karafuu huku, na hadithi hazimwishi. Usiku ule alishika kishada kimoja akawa anakizungusha tu vidoleni. Taa iko mbele yake, mkeka umejaa, naye hajakichambua. Mama mkwe akasema mtoto huyu siku hizi mvivu. Nikamwambia msichana, njoo unishikie ndoo kisimani. Huko kisimani ndiko aliposema kwamba halali, kwamba anaona na huyu atakufa tumboni, na kwamba mume yuko dago na simu haishiki. Pale ukumbini asingelisema hata neno moja, na mama mkwe hakuwa mtu mbaya.

Mkiwa wawili, anza na maswali mawili. Mwezi huu uliopita, umekuwa na huzuni au kukata tamaa mara kwa mara? Na mambo yaliyokuwa yakikupendeza, bado yanakupendeza? Akijibu ndiyo kwa la kwanza au hapana kwa la pili, kaa naye zaidi. Muulize tangu lini. Hali ikidumu wiki mbili, karibu kila siku, hapo si uchovu wa kawaida wa mimba.

Kulala na kula peke yake havitoshi kukuambia kitu, maana mimba yenyewe huvivuruga. Sikiliza zaidi anavyojisema. Anayesema “mimi sina faida”, “nitakuwa mama mbaya”, “nimewachosha watu”, huyo si wa kuambiwa ajikaze. Tazama pia alichokiacha: amewacha kujitia wanja, hajaenda harusini, kanga za mtoto hajataka kuziona.

Kisha uliza hili ambalo watu hulikimbia: “Umewahi kufikiri bora ufe, au kujidhuru?” Kuuliza hakumpandikizii fikra hiyo. Asiyekuwa nayo atakwambia hana, na aliyekuwa nayo atapata pahala pa kuiweka. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku ule, ondoa dawa na sumu za shambani karibu naye, na mpelekeni hospitali siku ileile, Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee pale Mkoani, yoyote iliyo jirani. Msingoje siku ya kliniki.

Kituoni

Mkunga anaweza kumuuliza maswali 10 yanayojulikana kwa jina la Edinburgh, yaliyotungwa mwaka 1987. Yalianza kwa wazazi, sasa hutumiwa na kwa wajawazito. Huangalia siku 7 zilizopita na kila jibu lina alama, jumla 30. Alama zikiwa juu haimaanishi mtu ana wazimu. Maana yake atazamwe vizuri na mwenye ujuzi wa maradhi ya akili. Nalisema hili kwa kuwa huku kwetu mtu akisikia daktari wa akili hufikiri Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Unguja, na familia nzima hurudi nyuma. Wengi wenye sonona ya mimba hutibiwa wakiwa nyumbani kwao.

Ombeni apimwe damu pia. Upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo humchosha na kumzubaisha mtu vivyo hivyo, na vyote vina tiba yake.

Kama kuna kipigo, mkunga lazima aambiwe. Hospitali ya Chake Chake ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako aliyedhalilishwa hupata matibabu na ushauri, na akitaka sheria hupelekewa shauri lake. Sonona haiondoki kwa mazungumzo ikiwa jioni anarudi kupigwa.

Kazi ya nyumbani

Tiba kubwa kwa sonona isiyo kali ni mazungumzo ya mpango, na hayahitaji daktari kila mara. Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo, waliwatembelea wenye sonona kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba na kuendelea baada ya kujifungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto akifika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23 katika 100. Kwa wenzao, waliotembelewa mara sawasawa na watu wasiopewa mafunzo yale, walikuwa 53. Mpango huo baadaye Shirika la Afya Duniani liliufanya kitabu cha kufundishia nchi nyingine.

Ukiwa wifi au mama mkwe huna mafunzo hayo, lakini una mikono. Mpunguzie kazi moja inayojulikana, umwambie wazi kuwa ni yako sasa. Maji, kwa mfano. Kusema “ukitaka msaada niambie” hakumsaidii, kwa sababu mwenye sonona haombi. Mtoe nje ya chumba kila siku japo mpaka barazani. Mle pamoja, maana akila peke yake hatokula. Anapoongea usimkatize na hadithi ya mwenye shida kumshinda yeye, wala usimwambie amshukuru Mungu kwani wapo wasiopata mimba kabisa. Hilo analijua, na ndilo linalomtia aibu.

Kisomo na kombe sikatazi hata kidogo, na duaa namuombea mwenyewe. Ninachokipinga ni kumngoja mganga wiki baada ya wiki huku kituo hakijaambiwa, na kumnywesha mizizi asiyoijua mtu, kwani ipo inayoweza kuuchochea uzazi kabla ya wakati. Sonona isiyotibiwa yenyewe inahusishwa na watoto kuzaliwa njiti au wepesi, kwa hiyo kuchelewa hakumlindi mtoto.

Sonona ikiwa kali huenda akapewa vidonge. Zipo dawa ambazo wajawazito wamezitumia miaka mingi, na daktari hupima faida na madhara yake kwa kila mtu. Asiziache ghafla kwa kusikia maneno ya jirani. Lakini anayetumia valproate, kwa kifafa au kwa maradhi mengine ya akili, amwambie daktari mapema sana, ikiwezekana kabla ya kubeba mimba, kwa sababu humdhuru mtoto tumboni. Na hiyo pia asiiache mwenyewe.

Kwako wewe mume uliye dago au Muscat: panga saa ya kupiga simu na uishike. Uliza kwanza amelala vipi, mambo ya pesa yafuate. Ukituma matumizi mtumie yeye, au mjulishe yamepita mkononi mwa nani, asipate habari kwa watu. Ukiwa nyumbani, nenda naye kliniki. Ingieni pamoja, na mkunga akikuomba utoke nje kidogo abaki naye, toka.