Skripti ya Odoo kwenda PostgreSQL: usivute jedwali zima
Kama skripti yako ya Python inatoa mauzo Odoo (programu ya kuendesha biashara) na kuyapeleka kwenye PostgreSQL (hifadhidata) iliyo kwenye wingu, usivute jedwali zima kila usiku. Tunza write_date (muda rekodi ilipobadilishwa) ya mwisho uliyovuta, kisha omba rekodi zilizobadilika tangu hapo tu. Upande wa PostgreSQL tumia INSERT ... ON CONFLICT (id) DO UPDATE, amri inayoingiza rekodi mpya na kusasisha iliyopo tayari (id iwe ufunguo msingi). Mtandao ukikatika katikati, unaiendesha skripti tena bila ankara kujirudia.

Angalia saa pia, hapa wengi hunaswa: Odoo hutunza muda kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Dar kwa saa tatu), hivyo bili iliyofungwa Dar saa saba usiku inasomeka 22:00 ya jana yake. Nywila weka kwenye .env (faili la mipangilio nje ya msimbo), na sslmode ya muunganisho wa PostgreSQL iwe require, ili data isafiri ikiwa imesimbwa. Rekodi zilizofutwa hazitaonekana kwa njia hii; linganisha id mara moja kwa wiki.