Ukiwa India: lipi la polisi, lipi la mahakama ya madai

Wanaotoka Unguja na Pemba kwenda India kwa matibabu au masomo hukosea jambo moja zaidi ya yote: hupeleka polisi shauri lisilo la polisi, wakarudishwa, wakadhani wamedharauliwa kwa ugeni wao. Kabla hujatoka chumbani jiulize: unataka mtu aadhibiwe, au unataka haki yako irudi? Adhabu ni jinai. Huko dola ndiyo inayoshitaki, na kosa lazima lithibitike pasi na shaka. Pesa, nyumba na mkataba ni madai. Unashitaki mwenyewe, na ushahidi wako ukizidi uzito wa mwenzako unatosha.

Utata uko kwenye pesa za kodi ya nyumba. Mwenye nyumba kakupangisha kweli, umekaa, umeondoka, sasa hataki kurejesha amana: hayo ni madai, na polisi akikwambia hivyo hajakuonea. Lakini mtu aliyekupokea amana ya nyumba isiyokuwa yake amekutapeli, na hiyo ni jinai. Kinachoangaliwa ni nia yake siku alipopokea pesa. Kwa hivyo hifadhi ujumbe wa simu wa kabla ya malipo. Risiti peke yake haionyeshi nia.

Utapeli zamani ulikuwa kifungu cha 420 cha sheria ya adhabu ya 1860, na Wahindi hadi leo humwita laghai “420”. Sheria hiyohiyo mahakama za Waingereza hapa Zanzibar ziliwahi kuitumia. Tangu 1 Julai 2024 nafasi yake imechukuliwa na Bharatiya Nyaya Sanhita, na utapeli umehamia kifungu cha 318. Wizi ni 303. Kosa lililotendeka kabla ya tarehe hiyo bado huhukumiwa kwa sheria ya zamani, basi usishangae kuona namba za aina mbili.

Likiwa la jinai, piga 112 kama ni dharura, kisha nenda kituoni ukaandikishe FIR, yaani taarifa ya kwanza ya kosa inayosajiliwa na polisi. Kituo chochote kinapaswa kuipokea hata kama tukio limetokea eneo jengine. Huitwa FIR ya sifuri, na baadaye huhamishiwa kituo husika. Toa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, saa, mahali na thamani kwa rupia. Usomewe kabla ya kutia sahihi, na udai nakala, ambayo ni bure. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaondoka na barua yao iliyogongwa muhuri wakiidhani ndiyo FIR. FIR ina namba, mwaka na vifungu vya sheria. Ukiituma kwa mtandao, lazima ukaitie sahihi ndani ya siku 3. Wakikataa kuiandika, peleka maelezo yako kwa maandishi kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Naye akinyamaza, nenda kwa hakimu.

Ukikamatwa wewe, una haki ya kuambiwa sababu, kupata wakili unayemtaka, na kufikishwa kwa hakimu ndani ya saa 24, bila kuhesabu muda wa safari. Omba pia ubalozi wa Tanzania ulioko New Delhi ujulishwe. Kukiri mbele ya polisi si ushahidi wa kukutia hatiani, lakini karatasi ya lugha usiyoijua usiitie sahihi.

Kwenye madai, adui ni muda. Shauri la kawaida la mkataba lina miaka 3. Mkataba wa nyumba utauona umeandikwa miezi 11. Si hila, ni kwa sababu wa zaidi ya mwaka lazima usajiliwe. Hakikisha tu unataja kiasi cha amana na siku ya kurejeshwa.

Hospitali ya kulipia ikikufanyia uzembe, njia nyepesi ni tume ya walaji ya wilaya. Inapokea mashauri ambayo malipo yake hayazidi laki 50 za rupia (laki yao ndiyo laki yetu, yaani milioni 5), ndani ya miaka 2, na si lazima uwe na wakili. Bila ya majalada ya matibabu, hata hivyo, huna shauri. Yaombe kwa maandishi. Daktari anatakiwa akupe ndani ya saa 72. Yaombe kabla ya kupanda ndege, maana ukishafika Kisauni kuyafuatilia kwa simu ni mtihani.

Na ndoa, talaka au mirathi? Usitafute mahakama ya kadhi ya serikali kama yetu. Waislamu wa India huhukumiwa kwa sheria yao ya dini, lakini na majaji wa mahakama za kawaida.

Ukiwa umesharudi na shauri bado lipo, mpe mtu hati ya uwakala. Itie sahihi mbele ya mthibitishaji, au kwenye ubalozi mdogo wa India hapa Zanzibar. Ikifika India ipigwe stempu ndani ya miezi 3. Ikipita hapo, mahakama inaweza kuikataa mpaka ushuru ulipwe pamoja na faini.