Kujitia Hamnazo na Kurukwa na Akili: Namna ya Kuuigiza Wazimu katika Hamlet

Tulipoanza mazoezi ya Hamlet ya Shakespeare hapa Bagamoyo, chini ya mwembe usio mbali na pwani, waigizaji wetu wawili wakuu walituonyesha wazimu wa aina moja, nywele timtim na vicheko, ilhali Hamlet, mwana wa mfalme wa Denmark aliyeuawa, anajitia hamnazo na Ophelia, msichana anayempenda, amerukwa na akili kweli. Kosa hilo huiua tamthilia nzima, na dawa yake huanza kabla hamjapanda jukwaani.

Chukueni nakala na kalamu, na pembeni mwa kila onyesho la Hamlet andikeni jambo moja tu: nani anamsikiliza. Ufunguo anautoa mwenyewe katika tendo la kwanza, onyesho la tano, anapowaapisha rafiki yake Horatio na mlinzi Marcellus kwamba hata wakimwona akifanya vituko, wasitoe siri. Kwa hiyo akiwa peke yake au na Horatio hana haja ya kujifanya. Mbele ya Polonius, mshauri wa mfalme na baba yake Ophelia, huuvaa wazimu kama joho. Katika Kiingereza cha asili, akijitia wazimu husema zaidi kwa nathari, na akiwa peke yake husema kwa shairi lenye mizani. Mnaotafsiri msiitupe tofauti hiyo, kwa sababu sikio la mtazamaji litaishika hata asipojua jina lake.

Katika tendo la pili anawaambia Rosencrantz na Guildenstern, rafiki zake wa utotoni walioitwa na mfalme wampeleleze, kwamba yeye ni mwendawazimu pepo zikitoka upande wa kaskazini, magharibi kidogo, tu. Ukivuma wa kusini, anajua kumtofautisha mwewe na msumeno. Mji unaoishi kwa kusi na kaskazi hauhitaji kufafanuliwa maneno hayo. Mwigizaji ayaseme kwa utulivu, kama nahodha anayetaja hali ya bahari kabla ya kutweka tanga, maana hapo Hamlet anasema kweli tupu na wasikilizaji wake wanaidhania upuuzi.

Pagumu ni chumbani kwa mama yake, malkia Gertrude, katika tendo la tatu. Ameshamuua Polonius nyuma ya pazia, na sasa anauona mzimu wa baba yake ambao Gertrude hauoni, ingawa mwanzoni walinzi nao waliuona. Anajitetea kwamba mapigo yake yanakwenda sawasawa kama ya mama yake. Kwa maoni yangu, mwigizaji asimwamulie mtazamaji: aigize mtu mwenye akili timamu aliyeingiwa na hofu, basi.

Ophelia anahitaji muda mrefu zaidi wa mazoezi, na heshima zaidi. Mwigizaji asimwige mgonjwa anayemjua mtaani ili watu wacheke. Wazimu wa Ophelia una kumbukumbu: baba yake ameuawa, tena na Hamlet, mtu aliyempenda, na nyimbo zake katika tendo la nne zinazungumzia mfu aliyezikwa na msichana aliyeachwa. Hata maua anayogawa yana maana. Anasema angetoa na urujuani, lakini yote yalinyauka baba yake alipofariki. Dada aliyeigiza nafasi hiyo kwetu alikuwa akirukaruka mpaka tulipomkalisha mkekani na kumpa mrehani kwa ajili ya ukumbusho, na mwarobaini badala ya jani chungu la majuto linalotajwa katika tamthilia. Alimwekea malkia jani la mwarobaini kiganjani, akamfumba vidole kimoja kimoja, kisha akajibakizia lake, kama maandishi yanavyotaka: hili lako, na hili langu. Hakucheka, wala hakupandisha sauti, na mwenzake aliyekuwa malkia alishindwa kuinua macho.

Anapoondoka, asikimbie. Aage kila mtu taratibu, na majani yabaki mikononi mwa waliopewa hadi onyesho liishe.